Kimya cha Kanuni na Paneli za Juu ya Paa

Mwaka 1915, kwenye mtaa wa Broadway jijini New York, lilikamilika jengo la ofisi la ghorofa 38 lililoitwa Equitable. Lilipanda wima kutoka ukingoni mwa barabara mpaka juu bila kurudi ndani hata hatua moja, na kivuli chake, kwa hesabu za siku zile, kilifunika ekari saba. Majirani walilalama kwamba wameporwa mchana. Mwaka uliofuata jiji likapitisha kanuni za matumizi ya ardhi, za kwanza nchini Marekani kuhusu mji mzima: huku viwanda, huku makazi, huku biashara, na jengo likifika urefu fulani, kuta zake zirudi ndani ili mwanga uwafikie walio chini. Kivuli cha Equitable hakikuwa sababu pekee, ila ndiyo sababu ambayo kila mpita njia aliiona kwa macho yake.

Kanuni za mipango miji, basi, zina damu ya ugomvi wa jua. Ndiyo maana inashangaza kwamba karne moja baadaye mwenye nyumba anayetaka kulitega jua lilelile juu ya paa lake mwenyewe anazikuta zimemkalia njiani. Na ukizisoma kwa makini hutakuta mahali palipoandikwa kwamba paneli za sola ni marufuku. Katika miji mingi hutakuta palipoandikwa chochote, kwa sababu kitabu kiliandikwa kabla paneli hazijawa kitu cha kununuliwa na mtu wa kawaida, na tangu hapo hakuna aliyekigusa.

Watu wengi wanaopigania umeme wa jua hupita haraka juu ya jambo hili. Wanazungumzia ruzuku, kodi, betri, bei ya kuuza umeme kwenye gridi. Yote hayo ni ya maana. Lakini kabla mtu hajafikia hatua ya kuuza umeme lazima kwanza aruhusiwe kufunga mtambo, na hapo anakutana na kitabu ambacho hakimjui.

Kanuni nyingi za kanda, yaani zile zinazougawa mji kwa matumizi, zimejengwa kwa orodha. Kila ukanda una matumizi yake makuu, kisha matumizi ya nyongeza: banda la gari, stoo, uzio, tangi la maji. Kilichomo kwenye orodha kinaruhusiwa. Kisichomo kinakataliwa, au kinasubiri tafsiri ya afisa aliye zamu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye ofisi ya vibali mshindo huo ni muhuri wa kukataa. Afisa mmoja akiletewa mchoro wa paneli kumi ataona ni sehemu ya paa, kama bati au kigae, na atapitisha. Mwenzake wa dawati la pili ataona ni mtambo wa kuzalisha umeme, na mtambo wa kuzalisha umeme, kwa mujibu wa kitabu, mahali pake ni ukanda wa viwanda. Wote wawili wamesoma kwa uaminifu. Hakuna aliyekula rushwa, hakuna mzembe. Kitabu ndicho kilichowaacha kila mmoja ajitungie jibu.

Kimya hicho hujificha pia ndani ya vipimo. Nyumba imejengwa mpaka mwisho wa urefu unaoruhusiwa na paa lake ni bapa. Paneli zikiwekwa juu ya fremu ili zilielekee jua, zinavuka mstari kwa nusu mita, na ghafla mwenye nyumba amekuwa mvunja sheria. Kiwanja kina kiwango cha sehemu inayoweza kujengwa. Paneli zikisimamishwa uani juu ya nguzo, mpimaji anazihesabu kana kwamba ni sakafu ya zege, ingawa maji ya mvua yanashuka kati ya safu na kuzama ardhini. New Jersey iliona upuuzi huo na mwaka 2010 ikatunga sheria kwamba paneli zisihesabiwe kuwa eneo lililozibwa lisipitishe maji. New York nayo mwaka 2012 iliruhusu mitambo ya sola ivuke vikomo vya urefu kwa kiasi kilichopimwa, na Desemba 2023 ikapitisha marekebisho mapana zaidi ya kuondoa vikwazo vilivyobaki. Uingereza imechukua njia fupi: kwa nyumba za kawaida ruhusa imeshatolewa kwa wote kwa pamoja, mradi paneli isichomoze zaidi ya milimita 200 kutoka kwenye mteremko wa paa na isilipite paa kwa kimo. Mwenye nyumba anachukua rula, anapima, anajua jibu kabla hajampigia mtu simu.

Ningependa kila mji uanzie hapo, kwa sentensi moja: paneli za sola zilizofungwa juu ya jengo ni matumizi ya nyongeza yanayoruhusiwa katika kanda zote. Kisha ziongezwe nambari mbili tatu, za kimo, za umbali kutoka ukingoni mwa paa, za ukubwa wa mtambo wa uani. Kazi hiyo haihitaji bajeti wala mshauri mwelekezi. Inahitaji kikao kimoja cha madiwani na mtu anayejua kuandika sentensi isiyo na milango ya nyuma.

Nasema milango ya nyuma kwa sababu ninaujua mmoja unaopendwa sana: sharti kwamba paneli zisionekane kutoka barabarani. Linasikika la kistaarabu. Lakini jua halipangi safari yake kwa kufuata ramani ya barabara. Kaskazini ya mbali na ikweta paa bora ni lile linalotazama kusini. Kusini ya mbali ni lile linalotazama kaskazini. Karibu na ikweta, ambako jua hupita juu kabisa, pande zote zinakaribiana na mwinamo mdogo unatosha. Nyumba ambayo sura yake na jua viko upande mmoja, sharti hilo linaipokonya nusu nzuri ya paa. Jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye nyumba yake imegeukia upande wa pili, hapotezi kitu. Sheria moja, barabara moja, watu wawili wenye haki tofauti.

California ilishughulikia hili tangu mwaka 1978 kwa kusema kwamba masharti ya mwonekano yanakubalika tu iwapo ni ya kiasi, yaani hayapandishi gharama sana wala kupunguza ufanisi sana. Neno "sana" likawalisha mawakili kwa miaka mingi. Mwaka 2014 likabanwa zaidi: sharti lisiongeze zaidi ya dola 1,000 wala kupunguza ufanisi kwa zaidi ya asilimia 10. Mtu anaweza kubishana na nambari hizo. Ni afadhali kubishana na nambari kuliko na kivumishi.

Kuhusu majengo ya kihistoria sitakawia. Pale Pompeii, magofu ya mji wa Warumi nchini Italia, ambako hakuna anayeweza kuwatuhumu walinzi kwa kutojali mambo ya kale, wamefunga vigae vinavyozalisha umeme vilivyofanana na vigae vya udongo vya Warumi. Vatikani ilifunika paa la ukumbi wa Paulo VI kwa paneli zaidi ya 2,000 mwaka 2008. Anayesema mtaa wake wa miaka ya 1950 hauwezi kustahimili paneli atafute hoja nyingine.

Tuje kwenye saa, yaani muda wa kungoja kibali.

Bei ya umeme wa sola ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na mapema miaka ya 2020. Kioo, silikoni na fremu zimekuwa rahisi kiasi kwamba, katika nchi nyingine, sehemu kubwa ya gharama ya mtambo wa nyumbani si mtambo wenyewe. Marekani ndiyo mfano unaotajwa mara nyingi: zaidi ya nusu ya anacholipa mwenye nyumba huishia kwenye kutafuta wateja, kazi ya ufungaji, faida, makaratasi, ukaguzi, na kungoja kuunganishwa na gridi. Nchi hiyo ina mamlaka za mitaa zaidi ya 18,000, na kila moja inaweza kuwa na fomu yake, mchoro inaoutaka, na siku yake ya ukaguzi. Fundi akivuka daraja kwenda mji wa pili kufunga paneli zilezile kwa skurubu zilezile, anaanza upya kama mgeni. Gharama ya kungoja huko haiandikwi popote kwenye risiti. Inagawanywa kwa wateja wote, hata yule ambaye kibali chake kilitoka siku hiyohiyo.

Dawa zimejaribiwa. Mwaka 2021 maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani ilitoa programu iitwayo SolarAPP+: fundi anajaza vipimo vya mtambo wa kawaida wa nyumbani, programu inavilinganisha na kanuni, na kama hakuna kasoro kibali kinatoka papo hapo. Mkaguzi bado anakuja kuangalia kazi ikishakamilika, lakini hakuna tena faili linalolala kwenye trei. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kuibana miji yake mingi iwe na mfumo wa namna hiyo.

Ulaya imefanya jambo ambalo mimi naliona ni kali zaidi, ingawa halina mashine yoyote ndani yake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2023 kuhusu nishati jadidifu linasema ombi la mtambo wa sola juu ya jengo lijibiwe ndani ya miezi mitatu, na kwa mitambo isiyozidi kilowati 100 ndani ya mwezi mmoja. Mwezi ukipita bila jibu, mtambo huo mdogo umeruhusiwa, mradi hauzidi uwezo wa laini ya umeme iliyopo. Kimya kilekile kilichokuwa kikimaanisha hapana sasa kinamaanisha ndiyo. Ofisi haikuongezewa wafanyakazi. Iliondolewa faida ya kunyamaza.

Nikimweleza mtu wa zimamoto jambo hili hukunja uso, na ana haki. Paneli ni umeme. Swichi kuu ya nyumba ikizimwa, paneli zinaendelea kuzalisha maadamu mwanga unazigusa, na mtu aliyepanda na shoka kutoboa paa linalofuka moshi hawezi kuzima jua. Ndiyo sababu kanuni za umeme za Marekani tangu mwaka 2014 zinadai mtambo wa juu ya jengo uwe na njia ya kukata umeme haraka, na kanuni za moto hutaka njia ya kama sentimita 90 iachwe wazi ili wazimamoto wapite. Upepo nao hudharauliwa. Mtambo wa kawaida huongeza kilo 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao paa zima lililojengwa vizuri mara nyingi hulimudu. Dhoruba ikiingia chini ya paneli, nguvu ya kuinua ndiyo inayong'oa skurubu.

Haya yote ni kweli, na yote ni kazi ya kanuni za ujenzi na za umeme. Kanuni za kanda kazi yake ni nyingine: kuamua kitu gani kikae wapi. Miji mingi huvichanganya viwili hivi, ikaingiza swali la skurubu kwenye kikao cha kujadili mwonekano wa mtaa, na swali la mwonekano kwenye meza ya mhandisi. Matokeo yake hakuna swali linalojibiwa vizuri na anayehusika nalo. Ukivitenganisha, saa inaweza kuwa kali bila usalama kulegea, maana mhandisi anabaki na orodha fupi ya vitu anavyovijua: uzito, upepo, nyaya, swichi, njia ya wazimamoto.

Ujerumani imepeleka mantiki hii hadi kwenye roshani. Tangu mwaka 2024 mtu anaweza kutundika paneli ndogo kwenye roshani yake, kuichomeka kwenye soketi kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) isiyozidi wati 800, na kujisajili kwa hatua chache mtandaoni. Mwaka huohuo sheria ya nyumba ilibadilishwa ili mwenye nyumba asiweze kumkatalia mpangaji bila sababu ya msingi. Kufikia katikati ya mwaka 2025 mitambo hiyo midogo iliyosajiliwa ilikuwa imefika milioni moja. Umeme wake kwa jumla si mwingi. Kinachonivutia ni kwamba mpangaji wa ghorofa ya nne, ambaye hana paa, kwa mara ya kwanza ameingia kwenye mjadala uliokuwa wa wenye nyumba peke yao.

Mpaka hapa nimezungumzia yaliyo rahisi. Gumu ni kivuli cha jirani.

Nimefunga paneli mwaka huu. Mwaka ujao jirani anajenga ghorofa tatu, kihalali kabisa, na mchana wangu unaisha saa sita. Je, amenikosea? Mwanasheria wa Kirumi Ulpian alilijibu swali linalofanana na hili karne ya 3: aliyepewa haki ya mwanga kwa ajili ya chumba cha kuota jua, jirani akipanda mti ukakitia kivuli, haki hiyo imevunjwa; lakini kivuli hicho hicho kikiangukia mahali ambapo jua halina kazi, hakuna kosa. Naona ni busara iliyotulia, kwa kuwa inauliza jua linafanya kazi gani pale linapoangukia. Waingereza walikuja na haki ya mwanga wa kale, ambayo sheria ya mwaka 1832 iliipa kipindi cha miaka 20: dirisha lililopata mwanga muda wote huo lisizibwe. Lakini hiyo ni haki ya dirisha kupata mwanga wa kutosha chumbani, wala si haki ya paa kupigwa na jua. Marekani ilikataa hata hilo. Mwaka 1959 hoteli ya Eden Roc pale Miami Beach ililalamika kwamba jengo jipya la ghorofa 14 la hoteli jirani, Fontainebleau, litatia giza bwawa lake la kuogelea, na mahakama ya Florida ikasema hakuna haki ya jua linalopita juu ya kiwanja cha mwingine. Ilichukua hadi mwaka 1982 kwa Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin kukubali kwamba kumzibia jirani mwenye mtambo wa jua kunaweza, kutegemea mazingira, kuwa kero inayoshtakika.

California ilijaribu kwa miti. Sheria yake ya mwaka 1978 ilisema mti usitie kivuli zaidi ya asilimia 10 ya mtambo wa jirani kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ikaonekana nzuri mpaka wakazi wawili wa mji wa Sunnyvale walipotiwa hatiani kwa sababu ya miti waliyoipanda kabla jirani hajafunga paneli zake. Mwaka 2008 bunge la jimbo likalazimika kurekebisha: mti uliotangulia paneli haushtakiwi. Kosa la awali lilikuwa kutouliza nani alitangulia, na ni kosa ambalo mtoto yeyote aliyewahi kupanga foleni angeliona.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa Boulder, Colorado. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji huo unatumia ukuta wa kufikirika. Chukulia kwamba kwenye mpaka wa kila kiwanja kuna ukuta wa futi 12, kama mita 3.7; katika maeneo yenye msongamano zaidi, ni futi 25, kama mita 7.6. Jengo lako linaweza kutia kivuli kwa jirani kwa kadiri ambayo ukuta huo ungetia, basi, na kipimo ni kati ya saa nne na saa nane tarehe 21 Desemba, siku ambayo kwa wao jua liko chini kuliko zote. Katika maeneo yenye majengo marefu ulinzi hautolewi moja kwa moja, anayeutaka anaomba. Uzuri wake ni kwamba mtu anayenunua kiwanja anaujua ukuta wake kabla hajachora nyumba, na anayefunga paneli anajua ni sehemu gani ya paa iliyo salama kwa miaka 25 hadi 30 ambayo paneli zitaishi.

Wapo watakaosema ulinzi huo ni haba, na kwamba paneli zilindwe kila mahali. Hapo natofautiana nao. Mji ambao kila paa la ghorofa moja lina haki ya jua lote ni mji usioweza kupanda juu. Watu wake watatawanyika mbali na kazi zao, na mafuta watakayochoma barabarani yatameza kilowati walizookoa. Tena haki ya jua isiyo na mipaka ina marafiki wa ajabu. Kuna watu hawajawahi kuwaza paneli maisha yao yote, lakini siku ghorofa za wapangaji zinapopangwa kujengwa karibu nao wanageuka watetezi wakuu wa nishati safi. Kanuni ya kivuli lazima iandikwe huku mwandishi akiwakumbuka hao.

Teknolojia nayo imepunguza ukali wa tatizo. Zamani paneli zilizounganishwa kwa mfuatano zilikuwa kama kamba ya wavuta mashua: mmoja akilegea, wote wanapunguza mwendo. Kivuli cha bomba la moshi juu ya paneli moja kiliweza kushusha safu nzima. Inveta ndogo zinazofungwa kwenye kila paneli, pamoja na vifaa vingine vya kurekebisha mkondo wa paneli mojamoja, zimefanya hasara ibaki pale kivuli kilipo. Kinachohitaji kulindwa na sheria leo ni kidogo kuliko mwaka 1978.

Lakini hata paa zote zikilindwa, hesabu ya majengo marefu ni ngumu. Paa ni moja, ghorofa ni ishirini, na kila ghorofa ina watu wanaopika na kuoga. Miji itahitaji maeneo mengine, na la kwanza ni lile ambalo tayari limeshaharibiwa: maegesho ya magari. Sheria ya Ufaransa ya Machi 2023 inadai maegesho ya wazi yanayozidi mita za mraba 1,500 yafunikwe angalau nusu kwa vivuli vya paneli au vinavyolingana navyo, makubwa yakitangulia. Kuezeka maegesho kwa paneli ni ghali kuliko paa kwa sababu ya chuma cha nguzo. Hata hivyo, pale ambapo kanuni za kanda zinakiita kivuli hicho "jengo", gharama huwa jambo la pili: kinadaiwa umbali wa mpakani kama nyumba, kinahesabiwa kwenye eneo lililojengwa, na mwisho wa yote mwenye maegesho anaambiwa nguzo zimepunguza idadi ya nafasi za magari anazotakiwa kisheria kuwa nazo.

Kisha kuna mashamba ya sola, na hapo kanuni hazinyamazi tena. Zinapiga kelele. Katika nchi nyingi serikali za mitaa zimegundua kwamba hazihitaji kupiga marufuku. Zinaweza kutumia umbali. Chukua kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 200, yaani hekta nne. Ukidai mita 50 ziachwe wazi kila upande, kinachobaki katikati ni mita 100 kwa 100, hekta moja. Robo tatu zimekwenda, na hakuna aliyetamka neno "hapana". Korea Kusini imelifahamu tatizo hili kwa uchungu: halmashauri zake nyingi ziliweka umbali wa mamia ya mita kutoka kwenye nyumba na barabara, hadi wizara husika mwaka 2023 ikatoa mwongozo wa kuzitaka zisizidi mita 100 kutoka kwenye makazi. Ohio, kwa upande wake, iliamua kusema wazi. Sheria yake ya mwaka 2021 inaziruhusu kaunti kuyafunga maeneo yake yasipokee miradi mikubwa. Siipendi sheria hiyo, lakini angalau ina uso. Mpiga kura anajua ni nani aliyekataa.

Wanavijiji wanaopinga si wajinga, na mwandishi anayewadhihaki hajawahi kukaa nao. Mradi wa megawati moja hula hekta moja hadi mbili na ushei. Wanauliza nani atang'oa nguzo miaka 30 ijayo ikiwa kampuni itakuwa imefilisika. Wanauliza udongo wa rutuba unafunikwa kwa faida ya nani, na maji ya mvua kubwa yataelekea wapi. Hofu ya mng'ao kwa kweli haina uzito mkubwa, kwa vile paneli hutengenezwa ili zinywe mwanga, na mamlaka ya anga ya Marekani mwaka 2021 ililinganisha mng'ao wake na ule wa maji au majengo ya vioo ambao marubani wameuzoea. Maswali mengine yanastahili kanuni halisi: dhamana ya fedha ya kuondoa mtambo iwekwe kabla ya ujenzi, mimea ifunike udongo chini ya paneli, mifereji ichorwe. Japani mwaka 2013 iliruhusu paneli juu ya mazao kwa sharti kwamba mavuno yasishuke zaidi ya asilimia 20 chini ya wastani wa eneo. Ufaransa mwaka 2024 ilikaza zaidi, ikataka upungufu usizidi asilimia 10. Kanuni kama hizo hupima kile hasa kinachohofiwa. Mita 50 kutoka mpakani hazipimi kitu isipokuwa mita 50.

Nimeacha amri za kulazimisha mwisho kwa makusudi, maana wanasiasa huzipenda kuwa mwanzo. Mji wa Lancaster, California, ulizidai nyumba mpya ziwe na sola mwaka 2013. Jimbo zima likafuata mwaka 2020. Tokyo, tangu Aprili 2025, imewawekea wajenzi wakubwa wajibu huo kwa nyumba mpya. Sipingi. Ila mji unaolazimisha paneli huku ofisi yake ikichukua miezi kuzikubali unajigonga kichwa wenyewe. Na ipo hatua ya chini ya hapo yenye gharama ndogo: nyumba mpya iachwe tayari, bomba la nyaya kutoka darini hadi kwenye mita, mbao za paa zenye nguvu ya ziada, mabomba ya hewa na matangi yasogezwe upande usio na jua.

Bado hata nyumba iliyo tayari ni mateka wa mistari iliyochorwa kabla yake. Wagiriki waliopanua mji wa Olynthus karne ya 5 KK walinyoosha mitaa yao ili nyumba safu kwa safu zipokee jua la kusini wakati wa baridi, na mitaa hiyo imefukuliwa na wanaakiolojia ikiwa bado imenyooka. Mchoro wa viwanja vipya unapopelekwa leo kuidhinishwa, fomu ina mstari wa upana wa barabara, mstari wa mitaro, mstari wa nguzo za taa, mstari wa idadi ya nafasi za kuegesha. Paa zitatazama wapi, hakuna anayeulizwa.